Rangi ya Kijani ya Nathanael

Wifi yangu Evaresta hajui kuacha kitu. Nasema hivyo kama mtu aliyechoka naye, si kama mtu anayemsifu, maana mwaka ule wa gari mgongo wangu ndio uliolipa. Yeye ni Mchaga wa Kibosho, Mkatoliki, aliyeolewa na kaka yangu Nathanael huku kwetu Akheri, kwa Walutheri wa Kimeru. Siku ya kwanza alipoingia jikoni kwa mama alipanga upya masufuria bila kuulizwa, na mimi nikajua kwamba tutapangwa sote, mmoja baada ya mwingine.

Nathanael alikuwa dereva wa kiwanda kimoja pale Arusha. Ukaja wakati wa ruksa, kila kitu kikawa kinauzwa, na kiwanda nacho kikauzwa. Wafanyakazi waliambiwa waende nyumbani. Wengine walipewa mabati, wengine walipewa ahadi, na kaka yangu, badala ya kiinua mgongo chake, akapewa Land Cruiser aliyokuwa akiiendesha miaka yote, ile ndefu ya petroli yenye viti vya familia nzima, nyeupe, imechubuka kila upande. Alirudi nayo nyumbani anapiga honi tangu Tengeru. Mtu amefukuzwa kazi na anapiga honi, ndivyo alivyokuwa.

Binti yao Nice alipochumbiwa, Nathanael alikataa katakata kwamba bibi harusi abebwe na gari la kuazima. Alinunua rangi ya kijani mjini, akatundika turubai uani, akapaka gari mwenyewe. Alipaka nje, akapaka milango kwa ndani. Halafu akafungua boneti, akatoa betri na nyaya zilizomzuia njia, akapaka mle ndani kote, hadi injini yenyewe, sehemu ambazo hakuna mgeni wa harusi angeziona. Nilimuuliza, kwani bwana harusi atakaa kwenye injini? Akanijibu bila kuinua macho kutoka kwenye brashi, "Joyce, bibi harusi haogi uso peke yake."

Harusi ilifana. Lile gari liling'aa mpaka watu wa upande wa mume wakauliza ni la mwaka gani. Kabla hatujamaliza kuwagawia ndugu picha za sherehe, Nathanael alishikwa na tumbo, akalazwa, na hakurudi. Siku tuliyomaliza matanga, ukoo ukakaa kikao, na kaka yetu mkubwa Eliamini akasema gari liuzwe, kwa sababu gari bila dereva linakula tu.

Evaresta alikuwa amekaa kwenye mkeka na sisi wanawake. Alisema, "Shemeji, dereva yupo. Nathanael alinifundisha."

Eliamini alimuuliza litafanya kazi gani.

"Litabeba maziwa."

Hapo lazima nieleze. Huku kwetu kila nyumba ina ng'ombe wawili watatu bandani, wanaletewa majani na majani ya migomba, na maziwa ni ya wanawake. Zamani lori la serikali lilikuwa likija kuyachukua pale njia panda. Wakati huo huo wa ruksa lori likaacha kuja, hakuna aliyetuaga. Tukabaki na maziwa mengi na mji uko pale chini unanunua maziwa ya unga. Evaresta aling'oa viti vya nyuma vya Land Cruiser, akapanga keni za maziwa, akaenda mwenyewe kuongea na wenye hoteli za chai, akarudi na orodha ya wateja kichwani. Asubuhi tunakamua, tunamimina, yeye anashuka mjini kabla jua halijawa kali. Kwa mara ya kwanza tangu lori lituache, tulikuwa na kitu mkononi. Hilo ninampa, maana ni lake.

Mwaka uliofuata masika yakaingia, na gari likaanza ushenzi wake.

Evaresta anazungusha ufunguo, linasema *tik*, basi. Anarudia, *tik*. Taa za mbele zinakuwa nyekundu kama macho ya mlevi. Sisi wanawake tunashika nyuma, tunasukuma kwenye ule mteremko, kanga zimekunjwa kiunoni, tope mpaka magotini, na katikati ya mteremko linakohoa na kuwaka. Mwanzoni tulicheka. Baada ya wiki kadhaa hakuna aliyecheka. Nilimwambia, "Wifi, stata ya gari lako ni mimi, na mimi sina kipuri."

Ajabu ni kwamba likishawaka na kupata moto, linakuwa zima. Analizima mjini, analiwasha, linawaka. Lakini kulikuwa na vituko vingine. Akiwasha taa, mshale wa joto la injini unapanda. Akipiga honi, mshale wa petroli unacheza. Alikuwa akituambia vituko hivi tukimimina maziwa, na sisi tulikuwa tukijibu "ehee" kama unavyomjibu mtu anayekusimulia ndoto.

Mafundi aliwaona. Wa kwanza alisema betri, akabadilisha betri. Gari likawa jema wiki mbili, kisha *tik*. Wa pili alisema altaneta haichaji betri, akafunga nyingine iliyotoka Dubai. Wa tatu alisema stata imechoka, akaitoa, akamfungia nyingine. Kila mmoja alikuwa na uhakika. Na kila mmoja alikuta Evaresta amesimama juu ya kichwa chake, mikono kiunoni, na sharti moja ambalo halikubadilika.

"Fungua unachotaka. Lakini rangi usiikwaruze. Hiyo kapaka marehemu."

Mafundi walikuwa wakiinamia ile injini ya kijani kwa adabu, kama watu walioalikwa sebuleni. Mmoja alitaka kukwangua kidogo mahali fulani, akanyang'anywa bisibisi. Mimi nilikuwepo. Alimnyang'anya kweli.

Nilimwelewa. Nathanael alikuwa kaka yangu, na mimi pia nilikuwa nikipita karibu na lile gari nikiligusa kwa kiganja bila sababu. Lakini kuelewa hakusukumi gari.

Kisha ikaja ile Ijumaa ya mvua. Tulisukuma, magurudumu yakateleza, gari likaingia ubavu kwenye mfereji na halikuwaka kabisa. Maziwa ya nyumba zote yalikaa mle ndani mpaka mchana, vijana walipolivuta nje. Tulipochemsha kujaribu kuokoa, yakakatika. Tuliwapa mbwa na ndama, na jioni ile hakuna aliyemsalimia mwenzake vizuri.

Jumapili baada ya ibada tulisimama nje ya kanisa, na kumbe Abdiel naye alikuwa amekuja. Abdiel ni mfanyabiashara wa Usa River, mtu wa makamo, mpole, ana pikapu iliyotoka Dubai na nailoni ya viti bado hajaitoa. Alisema yuko tayari kuchukua maziwa yetu kila siku. Land Cruiser vilevile angeichukua, kwa ajili ya vipuri.

Eliamini alisema maneno mazuri na ya haki, ndiyo maana yaliuma. "Mama Nice, hakuna anayekuchukia. Lakini dada zako hawa si punda. Jumatano asubuhi Abdiel atakuja na pikapu yake hapa njia panda. Gari lako likiwaka lenyewe, bila mtu kulisukuma, maziwa yanabaki kwako. Lisipowaka, maziwa yataenda naye, na gari atalivuta."

Wanawake wote walinyamaza, na kunyamaza kwao kulikuwa kukubali. Mimi pia nilinyamaza. Mgongo ulikuwa unaniuma.

Evaresta alimwangalia Abdiel, akasema, "Njoo na kamba nzuri. Hilo gari ni zito." Akaondoka.

Jumatatu alishuka mjini, gari likiwa limewashwa kwa migongo yetu kama kawaida, na mimi nikaenda naye kwa sababu nilitaka kuona mwisho wake. Alikuwa ameambiwa habari za fundi umeme wa magari pale Daraja Mbili, Mwarusha mmoja anaitwa Simel, mtu mrefu, mkavu, anayefanyia kazi kwenye kontena, na taa yake ya kupimia imening'inia shingoni. Alimsikiliza Evaresta kuhusu *tik*, kuhusu mshale wa joto na mshale wa petroli, na hakusema "ehee". Aliuliza maswali. Kisha akaenda kwenye gari, akawasha. Likawaka mara moja, vizuri, bila aibu.

"Unaona?" Evaresta alisema. "Kwako limepona."

"Yeyo, gari lako ni mtoto anayeacha kulia akimwona daktari," Simel alisema. Yeyo ndiyo mama kwa Kimaasai, na alimwita hivyo muda wote, ingawa nadhani walikuwa wanalingana umri. "Mafundi wote wameliona likiwa na moto. Mimi sitaki kuliona hivyo. Nataka kuliona linavyoamka."

"Linaamkia Akheri."

"Basi kesho jioni nitapanda nawe Akheri."

Kabla hatujaondoka, Evaresta alimwomba amweleze jambo moja, umeme wa gari unakwendaje. Mimi nilitaka kurudi kukata majani, lakini huyo ndiye wifi yangu, hawezi kununua hata chumvi bila kuuliza imetoka wapi. Simel alichukua waya na taa yake, akamwonyesha. Umeme hutoka kwenye betri kwa waya huu, ukafanya kazi yake, kwenye taa, kwenye honi, kwenye stata. Ukishafanya kazi, lazima urudi kwenye betri. Hakuna waya wa kuurudisha, hurudi kwa kupita kwenye chuma cha gari lenyewe. Hiyo njia ya kurudi ndiyo mafundi wanaiita ethi.

"Na usiporudi?"

Simel akacheka. "Wewe ni Mchaga, yeyo?"

"Wa Kibosho."

"Basi unajua. Umeme ni Mchaga mwezi wa Desemba. Afanye kazi popote, Krismasi lazima arudi nyumbani. Ukifunga barabara kuu, hakai mjini akangoja. Atapita kwenye mashamba ya watu."

Evaresta hakucheka. Njiani nilipomuuliza kama ana homa, akasema anafikiria barabara.

Jumanne jioni Simel alipanda kweli, akalala kwa Eliamini, akala ndizi na nyama akasifu, na hakugusa gari. Alisema liachwe lipoe mpaka asubuhi.

Jumatano kulikuwa na ukungu, Mlima Meru hauonekani, na ng'ombe walikuwa wanapumua moshi. Wanawake tulianza kufika na ndoo zetu mwanga ukiwa bado haujakaa sawa. Keni zilijazwa, zikapangwa ndani. Kule chini njia panda pikapu ya Abdiel ilikuwa tayari imeegeshwa, tuliona taa zake zikiwaka na kuzimwa. Eliamini alikuja na koti lake la kanisani, kama mtu aliyeitwa kushuhudia. Nilisali. Nilisali maziwa yasikatike, na kisha, nikiwa nimejishangaa, nikasali gari liwake.

Simel alipima betri kwanza. Taa yake ya kupimia ikawaka nyeupe. "Betri nzima," alisema. Akakaa kwenye usukani, akamwambia Evaresta ashike tochi amulike injini, aangalie kama ataona chochote, cheche, moshi, chochote. Akazungusha ufunguo.

*Tik.*

"Tena," Evaresta alisema.

*Tik.* Wanawake wakaanza kunong'ona. Mmoja alikwishaanza kukunja kanga.

"Tena, fundi. Usiachie."

Simel akashikilia ufunguo. Evaresta aliinama zaidi kumulika, na nyuma ya mkono wake ikaegemea ule waya wa choki, ule unaotoka kwenye dashibodi unapita ukutani na kuingia kwenye injini. Alishtuka, akautoa mkono. Kisha, badala ya kuukwepa, akaurudishia mkono, upande uleule, polepole. Nilimjua. Hivyo ndivyo anavyopima maziwa yaliyotoka jikoni, hatumii kidole, anatumia nyuma ya mkono, kwa sababu anasema kiganja cha mwanamke kimezoea moto na hakisemi kweli.

"Fundi," alisema. "Injini imelala usiku kucha. Huu waya umepata wapi moto?"

Simel aliachia ufunguo, akashuka, akaugusa yeye mwenyewe. Nikaona meno yake kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Ndio hao," alisema. "Hao Wachaga wako, wanapita shambani."

Evaresta alielewa kabla yetu sote. Alituelezea harakaharaka, akitumia mikono, kwamba ule waya wa choki ni wa kuvuta tu, haukutengenezwa kubeba umeme. Umeme wa stata ni mwingi, unataka barabara pana ya kurudia nyumbani, na kama unajibana kwenye kawaya ka choki maana yake ni kwamba barabara kuu imefungwa mahali. Injini ikiwa na moto ni nyepesi, stata inahitaji umeme kidogo, na umeme kidogo unaweza kupita hata shambani. Injini ikiwa baridi ni nzito, hapo ndipo unapokwama. Taa na mishale nayo ilikuwa inagombania vichochoro hivyohivyo. Eliamini alitikisa kichwa kama aliyeelewa. Nina hakika hakuelewa.

Simel alikwenda kuchukua waya wake mnene wa kubusti, akafunga upande mmoja kwenye betri, upande mwingine akaukandamiza kwa mkono kwenye mwili wa stata, ile mpya, ambayo haikuwa na rangi. "Washa, yeyo."

Evaresta akawasha. Gari likazunguka mara moja likanguruma, keni zote nyuma zikalia.

Wanawake walipiga vigelegele. Mimi pia nilipiga, halafu nikaona Simel anaashiria lizimwe.

"Hii nimeshika kwa mkono," alisema. "Siwezi kushuka nanyi mpaka mjini nikiwa nimeshika." Akainama, akatafuta kwa tochi, akaonyesha waya mmoja mpana, umesukwa kama ukili, unaotoka kwenye injini kwenda kwenye fremu ya gari. "Barabara kuu ni hii hapa."

Ilikuwa imefungwa kwa bolti, imekazwa vizuri kabisa. Mafundi watatu walikuwa wameiangalia, wakaona imekaza, wakapita. Lakini chini ya waya, chini ya bolti, na kwenye fremu pote kuzunguka, kulikuwa na rangi ya kijani, laini, imepakwa kwa mkono wa mtu aliyekuwa na upendo na brashi mpya.

"Rangi haipitishi umeme," Simel alisema kwa sauti ya chini. "Zamani umeme ulikuwa unajipenyeza kwenye nyuzi za bolti, ile mikato yake ya kuzungushia. Masika yameleta kutu kwenye nyuzi, ndio basi. Inabidi nikwangue, yeyo. Na popote pengine nitakapofunga, nitakwangua tu, maana amepaka kila mahali." Alikuwa ameshika kisu lakini hakukifungua.

Kule chini Abdiel alipiga honi mara moja, si kwa ubaya, alikuwa anauliza tu.

Kusema kweli, nilikasirika. Nilimkasirikia kaka yangu, aliyekuwa kaburini. Alilipenda lile gari mpaka akaliziba pumzi, na sisi tumesukuma miezi yote ile kwa sababu yeye hakutaka bibi harusi aoge uso peke yake. Halafu hasira ikaisha.

"Fungua bolti," Evaresta alisema.

Simel akafungua kwa spana, akautoa waya, akausogeza pembeni. Evaresta akamulika tochi pale ulipokuwa umekaa. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko kawaida, nikaenda kuinama naye.

Karibu kabisa na tundu la bolti, kwenye ile rangi, kulikuwa na alama ya kidole gumba. Nathanael alikuwa na haraka ya harusi. Alirudisha waya rangi haijakauka, akashika pale kwa gumba ili aelekeze bolti, na waya ukaifunika ile alama. Mistari yote ilionekana, hata lile kovu la katikati alilolipata utotoni kwa panga, siku tuliyokuwa tunakata majani ya ng'ombe mimi na yeye. Nililijua lile kovu. Nililifunga mimi, kwa kitambaa cha gauni langu.

Nilianza kulia, na sikuona haya.

"Lazima hapahapa, fundi?" Evaresta aliuliza.

"Hapahapa, yeyo. Waya unakaa hapa."

Aliangalia keni. Aliangalia wanawake, mmoja mmoja, na wao waliangalia chini. Hakuna aliyemwambia fanya haraka. Nadhani kama angesema hapana, hata Eliamini angevua kofia na kukubali, na maziwa yangeshuka na Abdiel, na gari lingevutwa likiwa na kidole chake ndani, likavunjwe Usa River.

Evaresta alinyoosha mkono. "Nipe hicho kisu. Nitakwangua mwenyewe."

Aliweka nyuma ya mkono wake pale juu ya alama, mara moja, kama anavyopima maziwa. Kisha akakwangua. Kijani kilitoka kwa vipande vidogo, chini yake kikatokea cheupe cha kiwanda, chini ya cheupe chuma. Simel alimpa msasa, akasugua mpaka pakang'aa, mahali padogo tu, kama kifuniko cha soda. Akasugua na jicho la waya, ile pete inayopitisha bolti, pande zote mbili, kwa bidii, midomo ameikaza, hadi Simel akamwambia inatosha. Hakutokwa na chozi. Alikuwa na kazi.

Simel akaurudisha waya, akakaza bolti, akapaka grisi juu. Evaresta alijifuta mikono kwenye kanga, akapanda kwenye usukani.

Sisi wanawake, bila kuambiana, tulikwenda nyuma ya gari. Ilikuwa mazoea. Tuliweka mikono kwenye mlango wa nyuma, mabega chini, miguu imejikita kwenye tope, tukingoja ile *tik*.

Haikuja. Gari liliwaka kwa mzunguko mmoja, likang'oka mikononi mwetu, na mikono yetu ikabaki hewani. Mmoja wetu alianguka kifudifudi, na ni mimi. Nikiwa pale chini nililiona linashuka mteremko, taa zake nyeupe kwenye ukungu, likaipita pikapu ya Abdiel pale njia panda. Evaresta alimpigia honi fupi ya salamu. Abdiel naye akajibu, akageuza, akaenda zake na kamba yake.

Maziwa yameshuka na Land Cruiser ile miaka mingi tangu siku hiyo. Evaresta hakutafuta tena fundi kwa mambo madogo. Alinunua taa ya kupimia, akaitundika jikoni pamoja na miiko, na gari la mtu yeyote huku Akheri likigoma alikuwa anakwenda, na kitu cha kwanza alichouliza kilikuwa kilekile, barabara ya kurudi iko wapi. Magumu alimpelekea Simel, wakakaa pale Daraja Mbili wakibishana mpaka chai ikapoa.

Juzijuzi mtoto wa Nice alipata kipaimara. Rangi ya Nathanael ilikuwa imefifia, imepasuka juani, na vijana wakaomba kulipaka upya gari ili limbebe mtoto. Nilidhani atawafukuza. Aliwaambia wapake, tena kijani kilekile.

Lakini alifungua boneti kwanza, akafungua ile bolti mwenyewe, akabandika kipande cha plasta juu ya lile doa tupu la chuma.

"Pakeni popote," aliwaambia. "Hapa ni kwangu."